Mwenye Ng'ombe Hauziwi Ng'ombe Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wafugaji, Ndugu Katibu, wajumbe wa kamati mliokaa benchi la mbele, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, nanyi wageni waalikwa mliokosa viti mkaamua kukalia magunia ya mashudu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kabla sijaendelea, nina ombi, na naliomba kwa unyenyekevu wote. Neno langu hata moja lisitoke nje ya chumba hiki. Asiambiwe mke, asiambiwe mume, asiambiwe muuza duka. Mlioko mlangoni, ufungeni. Aliyeanza kunirekodi kwa simu, tafadhali afute. Mkiulizwa karani alisema nini, jibuni kwamba alileta salamu, akaisifu rangi ya ukuta, akaketi. Najua watu sitini kutunza siri ni kazi ngumu. Lakini nyinyi mmezoea kutunza vitu vya wenzenu, na ndiyo sababu nimethubutu kuja.

Chumba mnachokifungua leo kilikuwa stoo ya chakula cha mifugo, nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. Msumari wa mizani bado upo ukutani, sasa umebeba kalenda. Kibao chenye jina la Umoja kimeegemezwa pale kwa sababu rangi haijakauka, na tayari kuna mtu ameigusa. Kidole hicho tutakitambua. Meza ni moja, viti vitatu, na kabati ni la chuma ambalo droo yake ya chini haifunguki. Nimeziona ofisi zilizoanza na samani nyingi kuliko hizi, na mpaka leo hazijamtatulia mtu shida. Hongereni sana.

Kwa msionifahamu, mimi ni karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya mifugo. Nina miaka ishirini na minne, na kazi hii ninayo mwaka wa pili. Wengi wenu mmenijua kwa mkono tu, mkono unaotoka chini ya kioo na kuwarudishia fomu. Katibu aliponialika aliniambia, "Useme machache, mwanangu, wala usiogope." Hilo la kwanza nitajitahidi. La pili nimeshindwa, ndiyo maana nimekuja na karatasi hizi. Kwa hiyo nitasoma polepole nilivyoandika, na nikimaliza karatasi zinarudi mfukoni mwangu.

Mimi ndiye niliyewaandika. Naanza na hilo ili asije mtu baadaye akasema nililificha.

Kanuni mnaifahamu, lakini niiseme kwa ufupi ili twende pamoja. Kila ng'ombe, mbuzi na kondoo sharti atogwe sikio na kuvishwa hereni yenye namba. Namba hiyo inaingia kwenye daftari kuu pamoja na jina la mwenye mnyama na zizi analolala. Asiye na hereni hapiti mnadani, hapati chanjo, wala havuki daraja. Mwisho wa mwezi huu daftari kuu linafungwa, na jina litakalokutwa humo ndilo litakalohesabiwa kuwa la mwenye mali, leo na siku zote.

Sitawadanganya ili mnipigie makofi. Kanuni hii ina maana yake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia mwaka juzi, ofisi yetu ilichukua wiki saba kujua ulitokea mnada gani, na katika wiki hizo mlizika ndama mpaka majembe yakawachosha. Hereni ingetuambia kwa siku mbili. Na mwizi wa mifugo anaichukia hereni kuliko mnavyoichukia nyinyi. Najua pia kwamba hereni inanasa kwenye miiba, kwamba sikio lililotogwa wakati wa mvua linaoza, na kwamba yule ng'ombe anayetabasamu kwenye bango letu ndiye peke yake aliyewahi kuifurahia. Hayo yanatibika kwa dawa na subira. Basi ni kitu gani kilichowatoa watu mazizini mwao, wakaacha kukamua, wakaja kuunda Umoja?

Ni kisanduku kimoja kwenye fomu.

Mtanikumbuka siku ile ya kwanza pale kwenye josho la kuogeshea mifugo. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kukunja, fomu zimebanwa na jiwe zisipeperuke. Mkuu wangu, ambaye si mtu mbaya, na nalisema hili nikijua baadhi yenu mtaguna, alikuwa kivulini na agizo la kumaliza wanyama mia mbili kabla ya saa tisa alasiri. Akaja Mwenyekiti wetu huyu, ambaye sote tunamwita Kengele kwa sababu hana ng'ombe asiye na kengele shingoni. Alileta kumi na saba.

Nikamuuliza, "Wa nani hawa, mzee?"

Akanyoosha fimbo. "Hawa tisa wangu. Wale sita wa dada yangu fundi cherehani. Si dada wa tumbo moja, dada wa ujirani, ila usimwambie nimesema hivyo. Yule mweusi anayekutazama vibaya ni wa shemeji. Na huyu ndama, mama yake ni wa mwalimu, lakini mimba aliipatia zizini kwangu, kwa hiyo bado tunazungumza."

Mlicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikaitazama fomu. Palikuwa na kisanduku cha namba, kisanduku cha rangi, kisanduku cha umri, na kisanduku kimoja tu cha jina. Nikamwita mkuu wangu. Akaisoma, akatazama saa, akasema, "Andika aliyemleta. Ng'ombe hajui ukoo."

Nikaandika. Kumi na saba, wote kwa jina la Kengele. Na baada yake nikaandika wengine, siku kumi na moja, majosho manne, kwa jina la aliyemleta.

Sasa nawauliza: nani kati yetu hapa hana mnyama kwenye zizi la mwenzake? Sioni mkono. Mtu mwenye ng'ombe kumi huacha wanne kwake, watatu kwa rafiki kule bondeni, watatu kwa shemeji mlimani, ili maradhi yakiingia zizi moja yasiwe yameingia yote. Anayetunza anakamua, aliyeachia anapata ndama. Karatasi hakuna. Kuna mashahidi wawili, na kuna aibu. Kwa njia hiyo mmeishi na ng'ombe wa amana tangu kabla ofisi yetu haijapata paa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia la kufanya mali ikipotelea ndani ya daftari lenyewe.

Wiki tatu baadaye akaja dirishani fundi cherehani, ambaye leo ndiye Katibu wenu. Alitaka kibali cha kuwahamisha mitamba wake wawili kwenda kwa mdogo wake ng'ambo ya mto, kwenye watoto wasio na maziwa. Nikatafuta namba. Nikamwambia, "Mama, hawa ni wa Mzee Kengele."

"Najua wako kwake. Nilimwachia mimi."

"Kwenye daftari ni wake."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena, kama vile tatizo lilikuwa kioo. "Kwa hiyo mwanangu, gauni la bibi harusi likikaa kwangu wiki moja ni langu? Nilivae niende nalo harusini?"

Mkuu wangu akajibu kutoka nyuma, "Mama, ng'ombe si gauni."

"Kweli baba. Gauni halizai."

Benchi zima likacheka, mkuu wangu akarudi kwenye faili zake. Lakini fundi hakucheka. Tangu siku ile ya josho, ng'ombe wake sita walikuwa wameshazaa ndama wawili, na hao nao nilikuwa nimewaandika kwa Kengele. Alichokiweka akiba kwa miaka kumi na minne, sindano kwa sindano, kilikuwa kwenye jina la mtu mwingine, kwa mwandiko wangu.

Nikamweleza njia iliyopo. Kanuni ina fomu moja tu ya kubadilisha jina, nayo ni fomu ya mauzo. Mzee Kengele atie dole gumba kwamba amemuuzia fundi ng'ombe sita na ndama wawili, na jina litabadilika siku hiyo hiyo. Nilijiona nimesaidia.

Kesho yake Kengele akaja, kofia mkononi. Niliyaandika maneno yake jioni ile ile, kwa hiyo nayasoma yalivyo.

"Nimuuzie ng'ombe wake mwenyewe?"

"Kwenye karatasi tu, mzee."

"Kwenye karatasi tu ndiyo wapi huko, binti? Mimi nikishaondoka duniani, watakaobaki wataniuliza mimi au wataiuliza karatasi?"

Nikampitishia fomu chini ya kioo.

"Miaka thelathini nimetunza ng'ombe wa watu. Haujapotea hata mkia. Leo nikiri kwamba walikuwa wangu, halafu niseme nimewauza? Mwizi naye hufanya nini zaidi ya hapo?"

Akairudisha fomu chini ya kioo, safi, bila dole. Nyuma yake walikuwapo wengine kumi na wawili waliokuwa wakisubiri kutia dole kwenye fomu ile ile. Waliposikia, wakazirudisha zao, moja baada ya moja, bila kelele. Mkuu wangu akatoka kuuliza kuna nini. Akazikuta fomu kumi na tatu mezani kwangu. Umoja huu ulizaliwa pale, kwenye benchi la dirisha la tatu, na hakuna aliyepanga.

Mwenyekiti, naomba nikusifu mbele ya watu, kwa sababu dirishani sikuweza. Ungetia dole, fundi angepata mitamba wake na wewe ungelala usingizi wako. Ulikataa kitu kinachoonekana chepesi, na ukatufundisha kwamba si chepesi. Nawe Katibu, ulikuwa na haki ya kumlaumu. Badala yake ulikwenda kukaa naye benchi moja na kumwandikia barua za kupeleka juu. Barua saba, zote kwa nakala. Nimeziona zikipita mezani kwetu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ninaloliogopa.

Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, ujumbe kutoka makao makuu utakaa katika chumba cha mikutano cha ofisi yetu kusikiliza kwa nini wafugaji wa hapa wanapinga hereni. Wataletewa taarifa. Taarifa hiyo nimeichapa mimi. Inasema kwamba wafugaji mia nne na kumi na wawili hawakukamilisha fomu ya kubadilisha jina kwa sababu, na nanukuu, "hawakufika." Na chini yake inasema, "Hakuna mgogoro wa umiliki uliopokelewa." Barua zenu saba hazikutajwa. Mlifika. Mlikaa benchi letu mpaka limeng'aa. Lakini karatasi itakayosomwa Jumatatu inasema mlikuwa nyumbani mmelala. Wageni wale wakiondoka na picha hiyo, daftari linafungwa mwisho wa mwezi lilivyo, na ng'ombe wa fundi wanabaki wa Kengele, apende asipende.

Naisikia minong'ono. Nimesikia pia mpango wa ndugu yetu msafirisha maziwa, aliyesimama pale karibu na dirisha la chumba hiki. Ndugu yangu, wiki iliyopita ulisema kwa sauti, mbele ya kaunta yetu, kwamba Jumatatu mtafika na ndoo iliyojaa hereni mlizozikata masikioni, mzimwage mezani.

Naam, unatikisa kichwa kukubali. Nakuheshimu kama kaka yangu, kwa hiyo nitakuambia ukweli. Kukata hereni ni kosa, na adhabu yake imeandikwa. Kutolikubali jina lisilo sahihi si kosa. Ukimwaga ndoo ile, wageni hawatauliza tena ng'ombe ni wa nani. Watauliza ndoo ni ya nani. Na ng'ombe asiye na hereni baada ya hapo si wa Kengele wala wa fundi, ni mnyama asiyejulikana. Unataka kumpigania fundi kwa kuwafanya ng'ombe wake wasijulikane?

Sawa. Nashukuru umeketi.

Basi Jumatatu muombe nini? Ushauri wangu, kama mnaruhusu ushauri wa karani, ni kuomba jambo moja na kulirudia mpaka wachoke. Kisanduku cha pili. Kimoja kiandikwe mwenye mnyama, kingine kiandikwe anayemtunza. Na marekebisho ya jina yafanywe kwa kiapo cha watu wawili, si kwa fomu ya mauzo. Hapo mtakuwa hamjaipinga kinga ya maradhi, hamjamtetea mwizi, na hakuna atakayewaita wakaidi. Mtu anayeomba kuandikwa vizuri zaidi atakataliwa kwa hoja gani?

Watawauliza ushahidi. Watataka kujua kama hao mia nne na kumi na wawili ni watu au ni maneno ya vijiweni. Na ushahidi upo.

Zile siku kumi na moja za josho, kila nilipoandika kwenye fomu jina la aliyemleta, niliandika pembeni, kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani, jina la mwenyewe kama lilivyotajwa. Namba ya hereni, aliyemleta, aliyesemwa kuwa mwenye mnyama, na maneno yenyewe pale yalipokuwa na utata. Yule ndama wa mwalimu ana mistari minne. Msiniite shujaa. Nilifanya hivyo kwa woga. Tangu nikiwa shuleni sijawahi kuandika kitu nisichokiamini bila kutaka kuwa na mahali pa kukionyesha siku nitakayoulizwa. Mkuu wangu hajui kwamba daftari hilo lipo. Nyinyi ndio wa kwanza kulisikia, na sasa mmeelewa kwa nini nimewaomba siri mpaka nikawachosha. Likijulikana kabla ya Jumatatu, litaombwa kiofisi, nami sitakuwa na sababu ya kulikatalia, na hamtaliona tena.

Lakini sitalitoa likiwa lilivyo. Juzi nililipitia nikakuta nimekosea. Ng'ombe mmoja mwekundu nimemwandika kwa kaka mkubwa, na najua kwa hakika, kwa sababu nilikuwapo walipogombana, kwamba ni wa mdogo. Kosa moja likionekana Jumatatu, watasema yote ni makosa, na watakuwa na haki. Kwa hiyo kila mstari lazima uthibitishwe na watu wawili, aliyeachia na anayetunza, kwa pamoja, mbele yangu, kabla ya Jumapili jioni.

Sasa sikilizeni utaratibu. Msije dirishani. Msipige simu ya ofisi, kwa kuwa inapokelewa na yeyote aliye karibu. Yangu pia msinipigie. Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na Jumapili kutwa, nitakuwa duka la Katibu, nyuma ya pazia la kupimia nguo. Njooni wawili wawili, na kila mmoja abebe nguo ya kupunguza au kushona kifungo, ili anayepita aone wateja. Mwenzako asiye humu mwambie tu aje kupimwa nguo, mengine atayasikia nyuma ya pazia. Wanaume nanyi mje na nguo zenu. Safari hii msiwatume wake zenu. Asiyejua kusoma asione haya, nitamsomea mstari wake mara mbili. Mlio na ugomvi juu ya ndama, malizeni ugomvi njiani, pazia ni jembamba. Atakayethibitisha ataweka dole gumba, na dole hilo litakuwa la kweli.

Jumatatu mimi nitakuwa ndani ya chumba cha mkutano, nimekaa nyuma ya mkuu wangu, kwa sababu ndiye anayehitaji mtu wa kuandika kumbukumbu. Msinitazame. Ushahidi ukiombwa, Katibu ataliweka daftari mezani. Wakiuliza nani ameandika haya, nyamazeni wote, na Mwenyekiti nawe unyamaze, najua itakuwa vigumu. Swali hilo ni langu. Nimelifanyia mazoezi jibu lake siku nne mfululizo nikiwa peke yangu, na mara mbili nimeweza kulisema bila sauti kukatika. Nadhani mara mbili zinatosha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Katibu, ndugu wafugaji, nawashukuru kwa kuniita, na kwa utulivu mlionisikiliza nao, ambao dirishani kwangu hamjawahi kunipa hata siku moja.

Baada ya Jumatatu, anayenihitaji apite kwanza dirisha la tatu. Akikuta mkono wa mtu mwingine ndio unaotoka chini ya kioo, asiulize kitu, aondoke. Atanipata nyumbani kwa mama yangu, nyumba ya pili nyuma ya mashine ya kusaga, yenye mlango wa bati uliopakwa bluu. Bisheni hodi kwa nguvu. Mama hasikii vizuri, na mimi nitakuwa uani.